Kwetu Kwisha

Makayabu yaliisha sokoni Kindu kabla hatujasikia kwamba iko nchi inaitwa Norveji na kwamba Wajerumani wameiingilia. Kwa asiyeyajua, makayabu ni samaki wa chumvi kutoka Ulaya, mkavu kama ubao wa mlango. Unamloweka, unamwaga maji, unamloweka tena, na bado anakuuma ulimi. Sisi wa Kindu, tuliokaa ukingoni mwa mto uliojaa samaki, tulinunua samaki wa Wazungu siku za karamu ili majirani wapate harufu yake. Ulikuwa ujinga. Mimi pia nilikula.

Mume wangu alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja aliyetengeneza mashine za mabato, zile meli za moshi zilizoshuka mto Lualaba mpaka Ponthierville. Huyo bwana na bibi yake hawakuwa Wabelji. Misa hawakuenda, na Wabelji hawakuwaita sana mezani kwao. Mjini watu waliwaita Wazungu wa maji, maana hata mwanamke alijua kupiga kasia.

Siku moja, hiyo ni kabla ya vita, mume wangu alikuwa anajipikia makayabu yake nyuma ya jiko. Madamu akatoka mbio ndani ya nyumba, akasimama juu ya sufuria.

"Hii iko samaki ya kwetu," akasema.

Mume wangu akafikiri anaitwa mwizi. Akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la baba yake kwamba amenunua sokoni, na muuzaji aitwe. Madamu hakumsikiliza. Aliingiza vidole ndani ya sufuria ya moto, akatoa kipande, akala amesimama.

Jioni mume wangu alinieleza. "Madamu amekula na mukono kama sisi. Na machozi yalikuwa yanamutoka."

"Pilipili," nikamwambia.

"Sikutia pilipili."

Basi niliyajua hayo juu ya madamu kabla sijamwona uso.

Vita ilipokuja, Leta ilitaka watu. Leta ndiyo serikali, sisi hatukuwa na jina lingine la kuiita. Ilitaka mpira wa porini, ilitaka mchele, ilitaka askari, na askari nao wanataka mpishi. Mume wangu akavalishwa kaptura, akapelekwa Abisinia kuwapikia askari maharagwe. Aliniachia nyumba ya udongo huko Alunguli, jogoo mmoja na mama yake mzazi, ambaye hakunipenda kwa sababu sikuwa nimezaa. Mwezi haukuisha, madamu akatuma mtu aniite. Alitaka nifue na kupiga pasi. Wakati ule kazi ya nyumba ya Mzungu ilikuwa ya wanaume, na wanawake wenzangu walinicheka njiani.

"Haya, bibi wa Muzungu! Umefua kaleso ya bwana leo?"

"Hiyo nguo yake ya ndani nimefua," niliwajibu. "Weye ya bwana yako umefua lini? Tunaisikia harufu mpaka mutoni."

Wakashika njia yao. Lakini ukweli ni kwamba tangu siku ile sikuwa na mtu wa kuteka naye maji.

Mimi na madamu tulikuwa na maneno mawili. Wazungu wote wa wakati ule walisema Kingwana, yaani Kiswahili chetu, cha kukata vipande, na kipande walichokipenda kuliko vyote kilikuwa kwisha. Wewe kwisha kufua? Bato kwisha kufika? Mimi kwisha kula. Kila kitu kilichopita walikifunga kwa kwisha, na sisi tukazoea kungojea neno linalofuata, kwa sababu kwisha peke yake ilikuwa haijasema kitu. Madamu alikuja uani asubuhi, alitazama kamba ya nguo, akasema, "Kwisha?" Mimi nikasema, "Bado." Akarudi ndani. Jua likipanda, akatoka tena. "Kwisha?" "Bado." Siku nyingine hatukusema lingine mpaka ninakwenda zangu. Sikuona vibaya. Nyumbani kwangu mama mkwe hakuniambia hata hayo mawili.

Katika nguo za kufua kulikuwa na gauni la mtoto. Nililifua juma la kwanza, nikalipiga pasi. Juma la pili likarudi, wala halikuwa na uchafu. Mtoto sikumwona katika nyumba ile, wala sikusikia sauti yake. Juma la tatu nikalishika juu, nikamwuliza madamu kwa macho. Akaenda akaleta picha. Mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, nywele nyeupe kama za mzee, amekaa juu ya magoti ya bibi yake mzaa mama. Daktari aliwaambia kwamba homa ya huku kwetu Maniema inaua watoto wa Kizungu. Kwa hiyo wakamwacha kijijini kwao, huko Norveji, kwa mama yake madamu, miaka miwili tu, halafu watarudi kumchukua. Ile miwili ikakutana na vita. Barua zikakatika kabisa. Makayabu yakakatika. Mimi ndipo nikaelewa kwamba kitu kile kile kilichoondoa samaki sokoni kimemfungia mwanamke huyu mtoto wake.

Madamu alishona gauni jipya kila mwaka. Mtoto anakua, alisema, nguo ya mwaka jana haitamtosha. Lakini anakua kiasi gani? Hakuna wa kumwambia. Dada yangu alikuwa na binti aliyezaliwa karibu na siku zile zile. Madamu akaniomba nimlete, akampima kwa utepe, mabega, kifua, mpaka magotini, akaandika. Binti wa dada yangu alipewa biskuti, akasimama kama mlingoti. Mwaka uliofuata vile vile. Akamshonea mtoto wa mbali gauni kwa mwili wa mtoto wa Alunguli. Dada yangu aliuliza kama si uchawi. Nikamwambia uchawi haupimwi kwa utepe, anyamaze ale biskuti.

Siku moja ya mvua, nguo hazikauki, tulikaa kwenye baraza tukikunja mashuka. Nikamwuliza kwao kuko namna gani. Maneno yakamshinda. Akachukua kikapu cha vibanio vya nguo, akavimwaga juu ya meza ya pasi, akaanza kuvipanga. Kibanio hiki nyumba ya mama yake. Hiki cha mjomba. Hiki cha mwalimu. Hapa nyumba za mitumbwi, maana kwao mtumbwi una nyumba yake. Hapa miti inayotundikwa samaki, na upepo tu ndio unaowakausha. Maji ya chumvi mbele, jiwe nyuma, shamba dogo kama mkeka. Kijiji chote kikaenea juu ya meza na bado vibanio vilibaki kikapuni. Nikashangaa. Nilifikiri Wazungu wote wanatoka katika miji ya mawe.

"Na kwako?" akauliza.

Nikachukua vibanio vilivyobaki. Nikavipanga mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine.

"Hapa njo kwetu sasa. Kando ya barabara. Zamani ilikuwa huku," nikaonyesha ukingo wa meza, "chini, penye kijito. Nyumba zilikuwa zinazunguka. Zilichomwa."

"Nani kuchoma?"

"Askari wa Leta."

"Iko vita?"

"Hapana. Barabara."

Leta ilitaka watu wakae barabarani, wahesabiwe vizuri, walime pamba, wabebe mizigo. Wazee walikuwa wanarudi kijitoni kinyemela, ndiyo askari wakachoma paa zote ili pasiwe na pa kurudi. Mama yangu alibeba mafiga yake matatu kichwani, kwa safari tatu. Askari mmoja alimcheka, akamwambia mawe yako mengi huko barabarani. Mama akamjibu, "Yale hayanijui."

Sikujua kumweleza madamu yote hayo. Nilisema barabara, akatazama ule mstari wangu kwa muda. Halafu akarudisha vibanio kikapuni, vya kwake na vya kwangu, vikachanganyika.

Vita ikaisha. Tuliijua kwa mabato. Yote yaliyokuwa bandarini yalipiga filimbi kwa pamoja, mpaka kuku wakaingia chini ya vitanda. Watu wa mtaa wa Kasuku walitoka barabarani, wanawake wakapiga vigelegele, Wabelji walikunywa tangu mchana. Mimi nilikwenda kazini kama siku zote. Madamu alikuwa amevaa gauni zuri. Alinishika mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Vita kwisha! Vita kwisha!" Nami nikampigia kigelegele kimoja, akacheka kama msichana.

Lakini vita ikiisha barua haziji siku ile ile. Kila bato lilipopiga filimbi linakuja, madamu alisimama langoni, kofia mkononi badala ya kichwani. Jua lilimchoma akawa mwekundu kama mawese. Makayabu yalikuwa hayajarudi. Nilikwenda sokoni kuuliza, si kwa ajili ya kula. Muuzaji alinijibu, "Bado, mama." Nikarudi bila kumwambia madamu.

Na siku barua ilipofika mimi nilikuwa na mikono katika sabuni. Nilisikia mlango. Alikuja uani miguu peku, karatasi mkononi. Uso wake sikuusoma. Uso wa Mzungu ukiwa mwekundu huwezi kujua ni furaha au ni homa.

Akasema, "Kwetu kwisha."

Nikangojea neno linalofuata. Kwisha kupona? Kwisha kufunguliwa?

"Kwetu kwisha," akasema tena. "Kwetu kwisha."

Nikajiambia, basi, ni ile vita. Vita kwisha, na sasa imekwisha kwao pia. Nikaacha nguo, nikasimama, nikapiga kigelegele kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Njiani wanawake walikuwa wanatoka mtoni na ndoo. Wakasikia, nao wakaitikia, maana kigelegele hakiulizi sababu. Mmoja akaweka ndoo chini, akacheza. Wale wale walionicheka. Nikawaita waingie, nikawaambia, "Mutoto wa madamu anaonekana! Piga!" Wakapiga. Uani palijaa.

Madamu alisimama katikati yetu. Hakupiga kelele wala hakutufukuza. Alikaa chini polepole, juu ya sabuni na maji machafu, gauni lake likalowa, akaiweka barua juu ya kichwa kama mtu anayejikinga mvua.

Kigelegele kilinikufia mdomoni.

Bwana alikuja kutoka karakana, mikono ina mafuta. Yeye Kingwana chake kilikuwa kizuri kidogo, cha kuongea na mafundi. Aliwatoa wanawake, akasoma barua amesimama, akaisoma tena. Halafu akaniambia. Kijijini kwao watu walificha wanaume wawili waliokuwa wanapigana na Wajerumani. Wajerumani wakawagundua, pakawa na risasi, mkubwa mmoja wa Wajerumani akafa. Basi kijiji chote kikalipa. Walichoma nyumba zote. Walizamisha mitumbwi yote. Walichukua ng'ombe. Wanaume walipelekwa kufungwa mbali, wengi hawakurudi. Wanawake na watoto na wazee walifungwa mahali pengine. Mama yake madamu alifia huko. Hayo yalitokea miaka mitatu nyuma. Miaka mitatu madamu alikuwa anashona, na nyumba ilikwisha kuwa majivu.

"Na mutoto?" nikauliza.

"Iko."

"Iko wapi?"

Akakunja barua. "Kwa mwanamke mwingine. Alifungwa pamoja naye, akamutunza. Mutoto anamwita mama."

Nikatazama chini. Nikamwambia kwetu pia walichoma. Akasema anajua, madamu alimweleza habari ya vibanio. 

Sasa sikilizeni. Kwetu, mtu akipiga kigelegele penye msiba kwa makosa, hasamehewi kwa mdomo. Anakuwa wa kwanza kukaa matanga na wa mwisho kuinuka, na hapiki, halali kitandani, mpaka wenye msiba wenyewe wamwinue. Sikuuliza kama Wazungu wanafanya hivyo. Nilikwenda Alunguli, nikachukua mkeka wangu, nikarudi, nikautandika kwenye baraza yao ya mbele, nikakaa.

Siku ya kwanza madamu hakutoka. Siku ya pili ilipita motokari ya Mbelji mmoja na bibi yake, wakasimama, wakanitazama. Yule bibi akashuka, akauliza kwa ukali, "Wewe kufanya nini hapo?"

"Matanga."

"Nani kufa?"

"Kijiji."

Alimtazama mume wake, akazungusha kidole kando ya kichwa, wakaondoka.

Siku ya tatu madamu akatoka. Akaniangalia, akaangalia mkeka. Nikasogea. Alikaa kando yangu, miguu ameinyoosha, hakujua kuikunja. Tukakaa hivyo mpaka jua likazunguka nyumba. Sikumshika. Mimi si mtu wa kushikashika. Mwishowe akasema neno, na kwa mara ya kwanza alilimaliza.

"Mutoto kwisha kunisahau."

Na mimi nikamjibu, "Bado."

Sikujua lolote. Ningejuaje? Neno lilitoka kwa mazoea, kama lilivyotoka kila asubuhi penye kamba ya nguo. Lakini yeye akageuka, akanitazama kana kwamba nimetoka huko kwao jana na nimemwona mtoto. Nilipaswa kusema kwamba sijui. Nikanyamaza. Kosa la pili hilo, na hili nililifanya nikiwa na akili yangu.

Alisimama, akaninyooshea mkono, akaniinua. Matanga yakawa yameisha.

Akaondoka msimu wa kiangazi ulipoanza. Bwana alibaki amalize mkataba wake. Madamu alipanga magauni yote ndani ya sanduku, lile dogo chini, lile la mwisho juu. Kabla ya hapo alimwita binti wa dada yangu ampime mara ya mwisho, na gauni la juu akalimaliza siku mbili kabla ya bato. Bandarini hakulia. Mimi pia sikulia. Alinipa kikapu cha vibanio, nikakipokea kwa mikono miwili. Bato likapiga filimbi, likashuka na maji, nami nikarudi kwa miguu.

Mume wangu naye alirudi kutoka vitani, lakini alifika Stanleyville akaishia hapo na mwanamke wa huko. Nililetewa sanduku lake la bati lina kaptura moja na mwiko. Mama yake alikaa kwangu mpaka akafa. Tulikuwa wawili tulioachwa na mtu mmoja, lakini hatukupata kusema juu yake.

Makayabu yalirudi sokoni. Nilinunua kipande, nikaloweka, nikapika, nikakaa nacho mbele ya mlango. Sikupata wa kula naye. Nilimpelekea jirani.

Barua ya madamu ilifika mwaka uliofuata. Nilikuwa najua herufi za Kiarabu kidogo tu, za chuo cha Kurani, hizi za Wazungu nimejifunza uzeeni. Nikampelekea karani mmoja wa Kasuku. Ndani mlikuwa na picha. Nyumba mpya ya mbao, imesimama juu ya jiwe, na mbele yake madamu na msichana mwembamba sana. Hawakugusana. Kati yao ungeweza kupitisha mbuzi.

Karani akasoma, akacheka. "Kingwana gani hiki, mama? Sikiliza. 'Nguo yote iko mukubwa.' Basi. Halafu, 'Mutoto bado.'"

"Soma yaliyobaki."

"Hakuna yaliyobaki. Bado nini? Hakumaliza."

Magauni yote yalikuwa makubwa. Tulimpima mtoto aliyekula mihogo na samaki wa Lualaba, tukamshonea aliyekula njaa ya vita. Hilo sikulifikiria hata siku moja, wala dada yangu.

Na lile bado, karani hakulielewa, lakini mimi sikuhitaji kuuliza. Mtoto bado hajamwita mama. Na mtoto bado hajamsahau. Yote mawili yaliingia katika neno moja, na yeye alijua ni nani atakayelisoma.

Nilimwandikisha karani jibu. Nilimwambia aandike, "Ngoja," basi. Alisema ni kupoteza karatasi. Nikamwambia karatasi ni yangu.

Barua nyingine haikuja. Bwana alihamishwa, halafu ikaja Uhuru na fujo zake, na posta ikawa nyumba ya popo. Vibanio vilivunjika kimoja kimoja, viwili vimebaki, waya zake zina kutu. Mjukuu wa dada yangu huvitaka achezee, nami humnyima. Asubuhi ninapoanika nguo zangu, hizo chache za mzee mmoja, ninavitumia hivyo viwili kwa shuka. Na kama mtu akipita njiani akaniuliza, "Bibi, umemaliza?", mimi najibu vile vile nilivyozoea.

Bado.